Nazima kompyuta kila jioni, mbona inasema imewaka siku 11?

Swali la dada mmoja mwenye duka la stationery, nimelifupisha kidogo: "Fundi habari za kazi. Nina kompyuta tatu dukani. Ya kwanza ni Windows 10, nazima kila jioni mimi mwenyewe lakini Task Manager inaniambia Up time siku 11. Ya pili mdogo wangu aliniwekea Linux pamoja na Windows, sasa nikitoka upande mmoja kwenda mwingine saa inakuwa imeruka masaa matatu. Ya tatu ni ya zamani, asubuhi nikiwasha inarudi mwaka 2009 halafu tovuti zote zinagoma kufunguka. Hivi kompyuta inahesabuje muda, na ikiwa imezimwa saa inakaa wapi? Na la mwisho, je naweza kutumia hiyo uptime kujua kama kijana wangu anawasha mashine usiku mimi nikiwa nimeondoka?"

Salama dada, na hongera kwa kuuliza yote kwa pamoja maana yanahusiana kuliko unavyodhani. Kwenye kila mashine yako kuna vitu viwili tofauti kabisa, kuna saa ya kalenda inayosema leo ni tarehe ngapi saa ngapi, na kuna kihesabio ambacho hakijui tarehe wala mwaka, chenyewe kinahesabu tu ni muda gani umepita tangu mfumo uanze. Uptime inatoka kwenye kihesabio. Saa unayoiona kona ya chini kulia inatoka kwenye kalenda. Matatizo yako karibu yote yanatokea pale hivi viwili vinapokutana.

Tuanze na hiyo ya siku 11. Haikudanganyi. Tangu Windows 8 iliyotoka 2012, Microsoft waliweka kitu kinaitwa Fast Startup na kwenye mashine nyingi kinakuja kikiwa kimeshawashwa. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti yako, lakini kerneli yenyewe (kiini cha mfumo kinachoendesha kila kitu) pamoja na draiva zake (programu ndogo zinazoongoza vifaa kama printa) haifungwi, inaandikwa kama ilivyo kwenye faili moja kwenye hard disk linaitwa hiberfil.sys, ndio umeme unakatwa. Kesho yake ukiwasha, inalisoma lile faili na kuendelea pale pale ilipoishia, ndio maana inawaka haraka. Kwa hiyo kwa upande wa kerneli mashine haijawahi kuzimwa, ilikuwa imelala tu, na ndio ile ile iliyoanza siku 11 zilizopita. Na yale masaa ya usiku pia yamo ndani ya hesabu, kwa sababu ikiamka inaangalia saa ya kwenye mazabodi muda gani umepita halafu inajumlisha.

Kinachochanganya watu wengi ni kwamba Restart ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya, Shut down haifanyi hivyo. Najua inasikika kinyume lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mashine ikianza uzito, printa haionekani, draiva imegoma, ukamwambia kijana "izime uiwashe" akabonyeza Shut down, mara nyingi tatizo linarudi vile vile kwa sababu draiva iliyogoma imerudishwa na ugonjwa wake. Mwambie abonyeze Restart. Au ukitaka kuzima kwelikweli fungua Command Prompt uandike shutdown /s /t 0, hiyo inafunga kerneli pia. Ukitaka kuiondoa moja kwa moja nenda Control Panel, Power Options, halafu pale pa kuchagua vitufe vya power vifanye nini, utaona alama ya tiki ya Fast Startup, itoe. Mimi kwa mashine ya duka yenye SSD, yaani disk ya kisasa yenye kasi, ningeitoa bila kufikiria mara mbili, sekunde chache unazopoteza asubuhi hazilingani na usumbufu wa draiva zilizochoka.

Sasa hicho kihesabio kinahesabuje. Zamani ilikuwa rahisi kueleza, kulikuwa na chipu ya taima kwenye mazabodi inayomgonga prosesa mara kadhaa kwa sekunde, kila akigongwa anaacha alichokuwa anafanya, anaongeza moja kwenye namba, anarudi kazini. Windows kwa kawaida inagongwa mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.625, na Linux inategemea aliyeitengeneza kerneli aliweka ngapi, 100, 250 au 1000. Siku hizi kuna njia bora zaidi, prosesa yenyewe ina rejista inaitwa TSC inayoongezeka kwa mwendo usiobadilika muda wote, mfumo ukitaka kujua muda unaisoma tu, hakuna haja ya kumsumbua prosesa akiwa amepumzika, na hiyo ni moja ya sababu betri za laptop zinakaa zaidi. Kwenye Linux ukiandika cat /proc/uptime utaona namba mbili, ya kwanza ni sekunde tangu mfumo uanze, ya pili ni sekunde ambazo prosesa ilikaa bila kazi, na usishangae ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza maana inajumlisha kila koa, yaani kila kichwa cha kazi ndani ya prosesa, ukiwa na koa nne zote zimekaa tu basi inaenda karibu mara nne.

Kihesabio kina jambo moja zuri sana, hakirudi nyuma. Ukibadilisha tarehe ya mashine ukairudisha mwaka jana, uptime haitikisiki. Ndio maana waandishi wa programu wanaojua kazi yao wakitaka kupima kitu kimechukua sekunde ngapi wanatumia kihesabio, hawatumii saa ya kalenda, kwa sababu saa ya kalenda inaweza kusahihishwa katikati ya kazi na programu ikaona kazi imeisha kabla haijaanza. Na hata kihesabio kina aina zake, Linux ina kimoja kinachosimama mashine ikilala na kingine kinachojumlisha muda wa kulala, na simu za Android ni hivyo hivyo, ule muda wa Up time kwenye maelezo ya simu yako unajumlisha na muda ambao simu ilikuwa imelala mfukoni.

Lakini namba ina mwisho wake, na hapa naomba nikae kidogo maana ndipo watu walipoumia. Windows za zamani zilikuwa zinahesabu milisekunde kwenye namba ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 za sifuri au moja. Namba ya namna hiyo ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri, sawa na dashibodi ya gari la zamani ikimaliza tarakimu zake. Milisekunde hizo ukizigawanya unapata siku 49 na masaa kama 17. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na kosa lililojulikana wazi, zikiwaka mfululizo zikafika hapo, zinaganda. Kosa lilichukua miaka kugundulika, na sababu inaeleweka, ni nani aliyeweza kuiacha Windows 95 ikae siku 49 bila kuganda kwa sababu nyingine?

Namba hiyo hiyo ilitokea pabaya zaidi Septemba 2004 huko Palmdale, California, kwenye kituo kinachoongoza ndege za anga la kusini mwa jimbo hilo. Mfumo wao wa mawasiliano ya sauti ulikuwa na seva zenye kihesabio cha siku 49.7, na utaratibu waliojiwekea ulikuwa kuziwasha upya kila baada ya siku 30. Mara hiyo haikufanyika, kihesabio kikaisha, mfumo ukajizima, mfumo wa akiba nao ukashindwa, waongozaji wakakaa zaidi ya masaa matatu wakiwa hawawezi kuongea na mamia ya ndege zilizokuwa hewani. Hakuna ndege iliyogongana, lakini kuna zilizokaribiana kuliko inavyoruhusiwa.

Na 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa amri kuhusu Boeing 787, ndege ambazo Kenya Airways na Air Tanzania pia wanazo, kwamba kompyuta zinazodhibiti jenereta za ndege hiyo zikiwa na umeme mfululizo siku 248 zinaweza kujiweka kwenye hali ya usalama zote kwa wakati mmoja na ndege ikakosa umeme wa jenereta. Dawa ya haraka ilikuwa kuikatia ndege umeme wote kwa ratiba. Siku 248 zinatoka wapi? Chukua namba ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya, ihesabu sentisekunde, yaani mara 100 kwa sekunde, inajaa baada ya siku 248 na nusu. Na ukiondoa hiyo alama unapata mara mbili yake, siku 497, na kweli seva za Linux za zamani zikifika siku ya 497 uptime ilikuwa inarudi sifuri, wenye seva wakashtuka wakidhani imejizima usiku.

Kuna kitu waandishi wa kerneli ya Linux walifanya ambacho mimi nakipenda sana. Badala ya kuanza kuhesabu kutoka sifuri, kihesabio cha ndani wanakianzisha kikiwa kimebakiza dakika tano tu kifike mwisho. Kwa hiyo kila mashine ya Linux ikiwaka, dakika tano baadaye kihesabio kinageuka, na draiva yoyote iliyoandikwa hovyo inaharibika hapo hapo mbele ya aliyeiandika, badala ya kusubiri mwaka na miezi ipite iharibikie kwa mteja. Uptime unayoonyeshwa wewe iko sawa tu, hayo yanafanyika chini kwa chini. Na siku hizi vihesabio ni vya biti 64 kwa hiyo kwenye mashine zako hizo siku 49 sahau. Ila usiache mashine inayotumia intaneti ikae miezi bila kuristati ukifurahia uptime kubwa, apdeti nyingi za usalama zinahitaji kerneli ianze upya ndio zifanye kazi, na mashine ya siku 400 mara nyingi ni mashine yenye matundu ya siku 400.

Haya, tuje kwenye kalenda, na mashine yako ya zamani. Kwenye mazabodi kuna saa ndogo ya peke yake inayoitwa RTC, ina kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja kamili, yaani sekunde moja, sakiti ya kugawa kwa mbili ni rahisi sana kutengeneza. Saa ya mkononi ya betri ina kipande hicho hicho. RTC inaendelea kutembea kompyuta ikiwa imezimwa kwa sababu ina kibetri chake cha mviringo, kwa mashine nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kompyuta ikiwaka, mfumo unaisoma RTC mara moja, unachukua tarehe na saa, halafu kuanzia hapo unaendelea wenyewe kwa kujumlisha kihesabio juu yake.

Betri ikifa, ukikata umeme saa inasahau kila kitu, ikiwaka inaanza na tarehe iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya BIOS, ile programu ya kwenye mazabodi inayoanza kabla ya Windows, kwako ni 2009. Na tovuti zinagoma kwa sababu kila tovuti ya https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, brauza ikiangalia saa yako inaona 2009, cheti kinasema kimeanza kutumika mwaka huu, basi inahesabu hicho ni cheti ambacho hakijaanza na inakataa. Simu ni hivyo hivyo, tarehe ikiwa mbaya hata WhatsApp inakwambia rekebisha kwanza saa.

Kuna jambo moja dukani kwako linaiua hiyo betri haraka. Desktop ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa kwenye umeme, pawasapulai inaendelea kutoa umeme kidogo wa kusubiria, na huo ndio unaoilisha RTC, kibetri kinapumzika. Wengi wetu jioni tunazima hadi kwenye ekstensheni ukutani, na sikwambii uache maana umeme ukirudi kwa kishindo usiku utakuunguzia mashine, lakini ujue kwamba hapo kibetri kinafanya kazi peke yake usiku kucha. Kibadilishe tu, ni bei ndogo. Chomoa waya wa umeme kwanza, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu, ukiwasha ingia BIOS uweke tarehe upya na upitie mpangilio wa disk ya kuanzia, maana nayo inaweza kuwa imesahaulika. Ikiwa ni laptop mpelekee fundi, betri nyingi za laptop zimefungwa kwenye plastiki na waya wake.

Mashine ya pili ndiyo rahisi kuliko zote. Windows inaandika kwenye RTC saa ya hapa ulipo, tabia iliyorithiwa toka enzi za DOS. Linux inaandika saa ya dunia, UTC, halafu inajumlisha masaa yako yenyewe. Afrika Mashariki tuko UTC na masaa matatu mbele, ndio hayo matatu yako. Chukua saa tisa mchana: Windows imeandika 15:00, ukiingia Linux inaisoma ikidhani ni UTC, inajumlisha tatu, unaona 18:00. Linux ikipata intaneti inajisahihisha na kuandika 12:00 kwenye RTC, ukirudi Windows inaona saa sita mchana. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Goma wao wanapata mawili, walioko Muscat wanapata manne. Ingia Linux ukiwa na intaneti na saa iko sawa, andika sudo timedatectl set-local-rtc 1, basi imeisha. Linux itakuonya kwamba njia hii ina matatizo, na ni kweli kwa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma majira yakibadilika, sisi hatuna hilo kwa hiyo usiogope.

Kwatzi nayo haiko kamili. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni la kawaida tu, na hilo linakupa karibu sekunde 1.7 kwa siku, kama dakika moja kwa mwezi. Ndio kazi ya NTP, itifaki aliyoianzisha David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware miaka ya 1980, mashine yako inauliza seva ya saa, inapima ujumbe umechukua muda gani kwenda na kurudi, inakadiria kosa lake. Na ikikuta imekosea kidogo hairuki ghafla, inaongeza au kupunguza mwendo wa saa mpaka zilingane, Linux kwa kawaida haizidishi sehemu 500 kwa milioni, kwa hiyo sekunde moja inasahihishwa kwa dakika kama 33. Kosa likiwa kubwa kama lako la 2009 hapo lazima iruke, na Windows wakati mwingine inakataa kabisa kosa kubwa mno, inabidi uweke tarehe kwa mkono kwanza halafu ubonyeze Sync now.

Sasa la kijana. Uptime haitakusaidia, umeshaona inavyojumlisha muda wa kulala, na akibonyeza Restart inaanza sifuri bila kukwambia nini kilitokea kabla. Unachotaka ni kumbukumbu. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, halafu chuja kwa chanzo Kernel-Boot namba 27. Kila mashine ilipowaka kuna mstari wenye tarehe na saa, na aina yake: 0x0 ni kuanza upya kabisa, 0x1 ni Fast Startup, 0x2 ni kuamka kutoka haibaneti, yaani usingizi ambao kila kitu kimehifadhiwa kwenye disk. Namba 6008 ni kuzimika bila utaratibu, yaani umeme ulikatika au mtu alichomoa.

Utajiuliza, je akiirudisha saa nyuma kabla ya kuanza kazi zake? Kubadilisha saa kunaandikwa pia, chanzo Kernel-General namba 1, na ndani yake kuna saa ya zamani na saa mpya zote mbili. Zaidi ya hapo kila tukio lina namba yake ya mfululizo inaitwa EventRecordID, ipo kwenye Details, na hiyo inaongezeka tu bila kujali tarehe. Panga matukio kwa namba hiyo, ukiona tarehe inarudi nyuma wakati namba inaenda mbele, saa iliguswa hapo. Ila anza na mashine mbili za kwanza, ile ya 2009 ibadilishe betri kwanza, la sivyo kila asubuhi itakuonyesha saa imeguswa na utamgombeza mtu bure.